Anayegeuza tanga kumwokoa mwenzake arudishiwe saa zake

Usiku wa Januari 27, 2021, baharia Mfaransa Charlie Dalin alivuka mstari wa mwisho wa mashindano ya Vendée Globe, nje ya bandari ya Les Sables-d'Olonne, magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa ameizunguka dunia kwa tanga, peke yake, kwa siku 80, na hakuna aliyemtangulia. Saa chache baadaye akavuka wa pili, Louis Burton. Kabla ya mapambazuko akavuka wa tatu, Yannick Bestaven. Hesabu zikafungwa, na huyo wa tatu akatangazwa mshindi.

Mfanyabiashara aliyewahi kulala mpakani kwenye foleni ya malori, kisha akaona gari la nyuma yake likiitwa mbele, anajua neno la kwanza linalomjia mtu mdomoni. Safari hii lakini hakuna bahasha iliyopita chini ya meza. Bestaven alikuwa akirudishiwa saa 10 na dakika 15. Alizitumia karibu miezi miwili nyuma, katika bahari iliyochafuka, kumtafuta mshindani mwenzake ambaye chombo chake kilikuwa kimezama.

Hesabu hiyo inafaa kusomwa kwa makini Kigoma, Bujumbura, Kalemie, Mwanza na kila mahali ambako watu huvuka mpaka wakiwa na mtaji wao wote juu ya maji au juu ya magurudumu. Wafanyabiashara wa ukanda huu husaidiana, hilo halina ubishi. Ambacho hakijapangwa ni nani anabeba hasara ya msaada huo. Mpaka sasa anaibeba yule yule aliyesaidia.

Ili uzito wa saa 10 ueleweke, ni lazima kwanza kuelewa maisha ya watu hao baharini.

Vendée Globe hufanyika kila baada ya miaka minne, na yalianza mwaka 1989. Kanuni zake kuu ni tatu: baharia awe peke yake, asitie nanga bandarini, asipokee msaada wa mtu. Vyombo vyenyewe vina urefu wa mita 18 na kidogo, na mlingoti wenye urefu wa zaidi ya mita 25. Huteremka Bahari ya Atlantiki, hupita kusini ya Rasi ya Tumaini Jema, hupita kusini ya Australia, huzunguka Rasi ya Horn kwenye ncha ya Amerika Kusini, kisha hupanda tena hadi Ufaransa. Ni safari ya takriban kilomita 45,000.

Ndani ya chombo hakuna anasa. Baharia hulala vipande vipande, dakika 20 hapa, dakika 40 pale, na akipata jumla ya saa nne au tano kwa siku anajihesabu mwenye bahati. Mtambo hushika usukani, lakini mtambo haujui tanga limeanza kuchanika wala kamba imeanza kulika. Chakula kingi ni kikavu, hutiwa maji ya moto kikavimba. Matunda na mboga huisha wiki za mwanzo. Maji ya kunywa hutengenezwa kutokana na maji ya chumvi kwa mashine ndogo, na mashine ikifa, kiu inaanza kuhesabiwa. Choo ni ndoo. Kelele za chombo kikipiga mawimbi kwa kasi ni kubwa kiasi kwamba wengine huziba masikio kama fundi wa mashine ya kusaga. Mtu hula ameshika ukuta na huvaa nguo ameketi sakafuni. Wimbi moja likimrusha na kumvunja mbavu, daktari wake yuko kwenye simu ya satelaiti.

Katika mashindano mengine ya masafa marefu, yale ya mabaharia wengi katika chombo kimoja, maisha hupangwa kwa zamu. Mara nyingi ni saa nne juu ya sitaha na saa nne chini. Anayemaliza zamu huingia katika kitanda ambacho anayeanza amekitoka sasa hivi, kikiwa bado na joto la mwenzake. Asiyeamka kwa wakati anaiba usingizi wa mtu mwingine, na chombo kizima kinajua. Kwenye Vendée Globe hakuna wa kupokezana naye. Zamu zote ni za mtu mmoja.

Na kanuni ya kutopokea msaada si ya maonyesho. Katika mashindano ya mwaka 2000 na 2001, Yves Parlier alivunjikiwa mlingoti katika bahari ya kusini. Alitia nanga katika ghuba ya Kisiwa cha Stewart, New Zealand, karibu na watu wenye mikono na vifaa, lakini hakupokea hata skrubu. Aliunganisha vipande vya mlingoti mwenyewe, akakausha gundi kwa joto la taa za umeme alizozipanga kama tanuri, akausimamisha tena na kuendelea na safari. Akiba ya chakula ilipopungua alikula mwani. Alifika Ufaransa, na akaandikwa miongoni mwa waliomaliza.

Kwa watu wanaoishi hivyo, saa moja ni mali. Upepo mzuri ukikupita leo, mwenzako anaupata na wewe unabaki katika shwari, na tofauti ya saa sita jioni inaweza kuwa tofauti ya siku mbili wiki ijayo. Muuza nyanya anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Mzigo uliofika sokoni alfajiri na mzigo uliofika adhuhuri ni mizigo miwili tofauti, hata kama ulichumwa katika shamba moja.

Basi Novemba 30, 2020, alasiri, chombo cha Kevin Escoffier kilikuwa katika nafasi ya tatu, mamia ya maili kusini-magharibi ya Cape Town. Kiliteremka wimbi, kikachomeka omo ndani ya wimbi lililofuata, na kikavunjika. Sehemu ya mbele ilikunjika kuelekea juu. Maji yalijaa kwa muda wa dakika chache. Escoffier aliwahi kuwaandikia watu wake nchi kavu ujumbe mfupi kwamba anazama na kwamba hatanii, akavaa nguo ya kujiokolea, na wimbi likamtupa baharini pamoja na boti lake la mpira.

Katika bahari hiyo hakuna polisi wa majini wala mvuvi wa jirani. Watu wa karibu zaidi ni wale wale unaoshindana nao. Uongozi wa mashindano ukawapigia wanne: Jean Le Cam, Boris Herrmann, Yannick Bestaven na Sébastien Simon. Wote wakabadilisha mwelekeo.

Le Cam, mwenye miaka 61, akiwa katika chombo cha zamani kuliko vingi vya washindani wake, ndiye aliyefika kwanza. Alimwona Escoffier ndani ya boti la mpira na kumkaribia, lakini mawimbi ya mita kadhaa na upepo mkali vilimzuia kumchukua. Alipozunguka ili ajaribu tena, hakumwona. Giza likaingia. Bestaven na Herrmann walifika, na msako ukagawanywa, kila mmoja na eneo lake, ndani ya vyombo vilivyojengwa kwa mbio na si kwa kusimama. Baada ya usiku wa manane Le Cam aliona mwanga hafifu ukitokea na kupotea kati ya mawimbi. Akausogelea, akarusha boya lenye kamba, na Escoffier akalikamata. Alikuwa amekaa ndani ya lile boti la mpira kwa zaidi ya saa 11.

Siku chache baadaye meli ya jeshi la majini la Ufaransa ilimchukua abiria huyo karibu na Visiwa vya Crozet, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Le Cam akaendelea na safari peke yake, kama kanuni zinavyotaka.

Kisha likaja jopo la waamuzi, na hapa ndipo penye funzo kwa mfanyabiashara. Jopo halikutoa medali wala hotuba. Lilichukua rekodi za satelaiti, likaangalia kila chombo kilikuwa wapi kabla ya wito na kilikuwa wapi kiliporuhusiwa kuendelea, likapima muda uliopotea. Le Cam alirudishiwa saa 16 na dakika 15. Bestaven alirudishiwa saa 10 na dakika 15. Herrmann alirudishiwa saa sita. Uamuzi ulitolewa mabaharia wakiwa bado baharini, mapema kabla ya kujulikana nani angeshinda, na kila mshindani aliujua.

Mambo matatu yanaonekana katika uamuzi huo. La kwanza, kilichorudishwa ni kilichopotea, hakikuongezwa kitu. La pili, hakuangaliwa nani aliyefanikiwa. Le Cam ndiye aliyemvuta Escoffier kutoka majini, lakini Bestaven na Herrmann, waliotafuta bila kupata, nao walirudishiwa zao. La tatu, kanuni ilikuwapo kabla ya ajali. Hakuna nahodha aliyelazimika kujiuliza gizani kama kuna mtu atakayeukumbuka wema wake.

Le Cam mwenyewe alikuwa na deni la zamani na bahari hiyo. Januari 2009, chombo chake kilipinduka karibu na Rasi ya Horn, naye akanaswa ndani. Aliyekuja kumtoa ni mshindani mwenzake, Vincent Riou. Katika uokoaji huo chombo cha Riou kiligonga chombo kilichopinduka, na muda si mrefu mlingoti wake ukaanguka, mbio zake zikaishia hapo. Kwa kanuni ya kawaida angeandikwa kuwa hakumaliza. Waamuzi wakampa nafasi ya tatu, akiigawana na aliyeipata kwa kumaliza safari.

Huyo aliyeigawana naye, Marc Guillemot, naye alikuwa na kisa chake. Desemba 2008, mwenzao Yann Eliès alivunjika paja akiwa mbali kusini mwa Australia, hawezi hata kufikia dawa zake. Guillemot alikwenda akakaa karibu na chombo cha mgonjwa, akizungumza naye kwa redio mchana na usiku, hadi manowari ya Australia ilipofika kumchukua. Hakuweza kumpandia, na kwa macho ya haraka mtu angesema hakufanya lolote. Waamuzi walimrudishia saa 82.

Cha kale zaidi, na pengine kinachowagusa zaidi wachuuzi wadogo wa mipakani, ni kisa cha Desemba 1996. Raphaël Dinelli alipinduka katika bahari ya kusini siku ya Krismasi. Mwingereza Pete Goss alikuwa amekwisha kupita eneo lile, upepo ukiwa nyuma yake. Aligeuza chombo na kurudi maili 160 dhidi ya dhoruba, akapigwa na bahari kwa siku mbili, hadi akamkuta Dinelli ndani ya boti la mpira lililodondoshwa na ndege ya jeshi la Australia. Lakini Dinelli hakuwa katika orodha rasmi. Hakukamilisha masharti ya kujisajili na alikuwa akisafiri nje ya mashindano, bila kibali, nyuma ya wenzake waliosajiliwa. Goss hakumuuliza karatasi.

Mama anayevusha ndoo mbili za dagaa kwa mtumbwi, jina lake haliko kwenye daftari lolote la forodha. Bahari inafundisha kwamba swali la karatasi linaulizwa nchi kavu, mtu akiwa amekwisha kukauka.

Wala hii si tabia ya Wazungu wenye vyombo vya fedha nyingi. Wajibu wa kumsaidia aliye hatarini majini umeandikwa katika mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974, na tena katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa mwaka 1982. Waandishi wa kanuni za mbio za tanga duniani waliuweka mwanzoni kabisa: kanuni ya kwanza katika kitabu chao inamtaka kila mshindani atoe msaada wote anaoweza kwa aliye hatarini. Walichoongeza ni busara ya kibiashara. Walitambua kwamba ukimwamuru mtu asaidie halafu ukamwacha afilisike kwa kusaidia, umeandika amri itakayotiiwa na wachache.

Katika maziwa ya ukanda huu, mara nyingi mwokoaji wa kwanza ni mtu aliyekuwa kazini kwake. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 waliokuwamo walitoka hai. Kijana mmoja mvuvi alisifiwa nchi nzima, akapewa fedha na ajira katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Alistahili, na serikali ilifanya vyema. Lakini zawadi humfikia aliyeonekana, na huja baada ya habari kusambaa. Sheria humfikia kila aliyegeuza mtumbwi, hata yule ambaye hakupigwa picha.

Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, siku ya soko, na zaidi ya watu 200 wakafa. Wengi katika vyombo vya aina hiyo ni watu wanaokwenda kuuza na kununua. Uokoaji wa majini ni usalama wa biashara, na hasa wa biashara ndogo, kwa sababu mwenye makontena yuko ofisini na mwenye magunia matatu ameyakalia.

Afikiriwe nahodha wa boti la mbao anayetoka Kigoma kwenda Uvira na mizigo ya watu ishirini. Usiku anaona tochi ikipepewa upande wa kusini. Akigeuka, mafuta yatazidi kipimo, atafika ofisi zikiwa zimefungwa, wenye samaki watamdai, wenye mchele watatafuta boti jingine safari ijayo. Asipogeuka, hakuna atakayejua. Au afikiriwe dereva wa lori la ndizi anayekaribia Rusumo, akakuta basi limepinduka bondeni. Akipakia majeruhi na kurudi nao mjini, foleni yake imekwenda, ndizi zinaiva, muda aliopewa wa kuvusha mzigo unahesabika, na mwenye gari anapiga simu kuuliza kwa nini kifaa cha ufuatiliaji kinaonyesha lori linarudi nyuma.

Watu wazuri watageuka hata hivyo. Lakini kuutegemea uzuri wa watu peke yake ni kuwatoza kodi wale wazuri na kuwasamehe wengine. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Walisema kweli kuhusu shukrani. Hawakusema kwamba mtenda wema aende zake akiwa amefilisika.

Kinachotakiwa hapa hakihitaji mkutano wa marais. Vyama vya wenye maboti na vya wafanyabiashara wa mipakani vinaweza kuanza navyo vyenyewe. Kila mwanachama achangie kiasi kidogo kwa safari, na mfuko huo umlipe aliyegeuka gharama ya mafuta na ya mzigo ulioharibika, kwa kipimo kilichoandikwa mapema. Wenye mizigo wakubali katika hati ya mzigo kwamba kuchelewa kwa sababu ya uokoaji si kosa la nahodha wala la dereva. Masoko yampe aliyechelewa kwa sababu hiyo nafasi ya kushusha bila kuanza foleni upya.

Mamlaka za mipaka nazo zina sehemu yao, na ni ndogo. Aliyethibitishwa kuwa alisimama kuokoa arudishiwe nafasi yake katika foleni, asitozwe ada ya maegesho kwa saa hizo, na muda wake wa kuvusha mzigo uongezwe kwa saa zile zile alizozipoteza. Kwa kuwa mpakani huwa na mataifa mawili, makubaliano yawe ya pande zote mbili. Mrundi aliyemwokoa Mtanzania asifike upande wa pili akaambiwa kanuni hiyo ni ya wenyeji.

Wapo watakaosema mara moja: watu watadanganya. Kila aliyechelewa kwa uzembe atakuja na hadithi ya mtu aliyezama. Hofu hiyo ina msingi, na bahari imekwisha kuionja. Katika mashindano ya kwanza ya kuizunguka dunia peke yake bila kusimama, ya mwaka 1968 na 1969, Mwingereza Donald Crowhurst alizunguka-zunguka katika Atlantiki huku akituma kwa redio taarifa za uongo kwamba alikuwa akiendelea na safari. Nigel Tetley, aliyekuwa mbele yake kwa haki, aliamini kwamba anafukuzwa kwa karibu. Akakilazimisha mbio chombo kilichokwisha kuchoka, nacho kikavunjika na kuzama akiwa amekwisha kukamilisha mzunguko wake, amebakiza kufika nyumbani tu. Yeye aliokolewa. Crowhurst hakuonekana tena, chombo chake kilikutwa kikielea bila mtu. Uongo wa rekodi ulimwangamiza msemaji na ukamzamishia chombo mkweli.

Jibu la watu wa tanga kwa kisa hicho lilikuwa kuimarisha rekodi. Leo kila chombo hubeba kifaa kinachotangaza kilipo, na waamuzi hawahitaji kumwamini mtu kwa kiapo. Malori mengi ya mizigo ya mpakani yamekwisha kufungwa vifaa vya aina hiyo, na boti dogo linaweza kuwa na simu inayoonyesha mahali na saa. Ushahidi wa majeruhi, wa hospitali, wa mwenyekiti wa kijiji au wa nahodha mwingine unajazia. Atakayebainika kudanganya atolewe chamani. Mwongo mmoja katika kumi si sababu ya kuwaadhibu tisa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la Dalin. Alitangulia kufika, hakumkosea mtu, wala hakuombwa kugeuka, kwa kuwa hakuwa karibu. Kwa nini ashindwe kwa wema wa mwingine? Jibu ni kwamba hakushindwa na wema. Alishindwa kwa muda, saa mbili na nusu hivi, baada ya kila mmoja kuhesabiwa saa zake za mbio na kuondolewa saa ambazo hakuwa mbioni. Wakati Bestaven alipokuwa akizunguka gizani, hakuwa akishindana na mtu. Kumhesabia muda huo kungekuwa ndiyo dhuluma.

Wala saa hizo hazimbebi mtu mgongoni. Herrmann alikuwa na saa sita zake mkononi na matumaini ya kushinda, lakini usiku wa mwisho, zikiwa zimebaki takriban maili 90, chombo chake kiligongana na chombo cha wavuvi, na akamaliza wa tano. Kanuni ilimrudisha alipokuwa, mengine yakabaki kuwa ya bahari. Naye Dalin alirudi miaka minne baadaye. Januari 14, 2025 alivuka tena wa kwanza mstari ule ule, kwa siku 64 na saa 19, muda mfupi kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kushinda mashindano hayo, na safari hiyo hapakuwa na saa za kumrudishia mwingine ushindi.

Mabaharia wa mashindano hayo hurudi katika bahari ile ile, wakijua kwamba ikiwapindua, aliye karibu atageuka, na kwamba akigeuka hatapoteza. Ndiyo sababu wanaweza kushindana kwa ukali ule. Mshindani wako ndiye pia mwokozi wako, na kanuni imehakikisha hana sababu ya kusitasita.

Wafanyabiashara wa maziwa na wa barabara za mipakani wanashindana vivyo hivyo, kwa bei, kwa mteja, kwa nafasi ya kwanza gatini. Ushindani huo ni mzuri na unalisha miji. Lakini yule nahodha aliyeiona tochi upande wa kusini bado ameshika usukani, na nyuma yake kuna mizigo ya watu ishirini. Chama chake kikutane mwezi huu kimwandikie, kwa karatasi moja tu, kwamba saa zake zitarudishwa.